Aniceti Kitereza wa Ukerewe na Kitabu Chake

Wafanya biashara wana mithali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Mithali hiyo husemwa juu ya fedha na bidhaa, lakini twaona yafaa zaidi kwa mali nyingine isiyouzwa dukani, nayo ni maneno ya wazee wetu, hekima yao, na jinsi walivyokaa nyumbani mwao. Mali hiyo wengi wameipoteza, na katika waliopoteza hata sisi tumo, kama tutakavyokiri mbele. Lakini alikuwako mtu mmoja katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Nyanza, ambaye aliifungulia daftari mali ya watu wake, akaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtu huyo ni Aniceti Kitereza. Leo twataka kueleza habari za maisha yake na kazi zake, kisha tukipime kitabu chake kikubwa kwa haki, tutaje uzuri wake na upungufu wake pia. Maana kusifu tu si kupima.

Maisha yake

Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka wa 1896. Ukoo wake ulikuwa na udugu na ukoo wa watawala wa kisiwa, na katika utoto wake alikaa kwa mtawala, akaona kwa macho yake mambo ya baraza ya zamani. Wakati ule Wadachi walikuwa wamekwisha kuishika nchi, na Mapadre Weupe walikuwa wamejenga misheni yao Kagunguli. Mtoto alitiwa katika shule ya misheni, akabatizwa, akapewa jina la Aniceti. Mwaka wa 1909 alipelekwa ng'ambo ya ziwa, katika seminari ya Rubya, nchi ya Wahaya, akakaa huko miaka kumi. Alijifunza Kilatini na Kijerumani, na Kiswahili pia, pamoja na elimu wanayopewa vijana wanaotazamiwa kuwa mapadre.

Tuitafakari kidogo hiyo miaka kumi. Alitoka kwao mtoto, akarudi mtu mzima. Wenzi wake walipokuwa wakijifunza kupiga kasia, kutega samaki na kuposa, yeye alikuwa akijifunza sarufi ya Kilatini. Mtu wa namna hiyo huweza kurudi nyumbani akawa mgeni kwao. Sisi wenyewe tumewaona vijana waliokaa mjini miaka mitatu tu, wakirudi hawawezi tena kuketi na wazee, na wakisalimiwa kwa salamu ndefu ya kwao huona haya kuiitikia. Kwa Kitereza mambo yalikuwa kinyume. Elimu ilimpa jicho la kuona thamani ya yale aliyoyaacha. Mtu asiyetoka kwao hata siku moja haoni kwamba jembe, mtumbwi na mtungi wa pombe ni mambo ya kuandikwa. Kwake ni vitu vya kila siku. Aliyekaa mbali, akavitamani, ndiye ajuaye kwamba vinaweza kupotea.

Mwaka wa 1919 aliacha seminari bila kupata upadre, akarudi Ukerewe, akamwoa Anna Katura. Alifanya kazi kwa watu wa biashara mpaka wakati wa vita vilivyoanza mwaka wa 1939, kisha akarudi nyumbani, akaitumikia misheni ya Kagunguli. Huko aliwafundisha watu dini, na kufasiri mambo ya dini kwa Kikerewe, ili wasikie kwa lugha ya mama zao. Zaidi ya hayo alikusanya hadithi za kisiwa, na mithali, na habari za watawala na koo, na desturi za ndoa, za kilimo na za uvuvi. Hadithi yake moja, ielezayo jinsi wanaume na wanawake walivyoanza kukaa pamoja, ilipata kupigwa chapa hata katika gazeti la Marekani. Basi yafaa tujue kwamba huyu hakuwa mtu wa kitabu kimoja tu. Alikuwa mfasiri, mwalimu wa dini, mwenye kuandika historia, na mtunzaji wa hadithi. Na kitabu chake kikubwa ni kama ghala ambamo kazi zote hizo zimewekwa pamoja.

Nyumba yake ilikuwa na huzuni. Watoto aliopewa na Mungu pamoja na Anna walikufa wote wangali wadogo. Msomaji wa kijijini hana haja ya kuelezwa maana ya jambo hilo. Anajua maneno yanayosemwa na shangazi na wajomba, anajua mashauri wanayoleta jioni, kwamba mwanamume asiye na mtoto yampasa kutafuta mke mwingine. Kitereza hakutafuta. Alikaa na Anna.

Safari ya maandiko yake

Mwaka wa 1945 alimaliza kuandika hadithi ndefu sana kwa Kikerewe. Nia yake ilikuwa kuihifadhi lugha ya wazee wake na desturi zao, zisipotee pamoja nao. Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyemtia moyo katika kazi hiyo, aliyachukua maandiko hayo akataka yafasiriwe Kifaransa yapate kupigwa chapa. Lakini padre huyo alikufa kabla ya jambo hilo kutimia. Na kila mwenye matbaa alikuwa na swali lake: Nani atakinunua? Maana Wakerewe si wengi, na kitabu kikubwa kina gharama nyingi. Hivyo maandiko yakalala sandukuni, mwaka baada ya mwaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, mume na mke, Gerald na Charlotte Hartwig, wakitafuta habari za historia ya kisiwa. Walimwona Kitereza, wakajua kwamba wamepata kisima. Mashauri yalikuwa kwamba kitabu kiandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili chasomwa na watu wengi. Na ni nani atakayekifasiri? Ni yeye mwenyewe. Mzee yule, ambaye viungo vyake vilikuwa vimekwisha kushikwa na maradhi, aliketi tena mbele ya karatasi akaanza ukurasa wa kwanza. Mwalimu yeyote aliyewahi kunakili daftari moja la masomo ataelewa uzito wa kazi hiyo.

Kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam kwa mwaka wa 1980, katika sehemu mbili. Jina lake ni refu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka wa 1981 Kitereza alikufa kabla ya kitabu kumfikia mkononi. Tangu siku alipomaliza kukiandika hata siku kilipopigwa chapa imepita miaka 35, naye hakukishika. Wasomaji watamkumbuka Musa juu ya mlima wa Nebo, aliyeonyeshwa nchi asiingie.

Baada ya kufa kwake kitabu kimekwenda mbali. Katika miaka ya 1990 kilifasiriwa Kijerumani na Kifaransa. Mwaka wa 2002 kilitokea kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, mtungaji aliyezaliwa Ukerewe, ambaye alirudi kwenye maandiko ya kwanza ya Kikerewe akafasiri kutoka huko.

Hadithi yenyewe

Hadithi ni ya siku za kale, kabla ya Wazungu kufika. Myombekere na mkewe Bugonoka wapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za Myombekere wamlaumu Bugonoka, wamtolea maneno ya uchungu, hata wazazi wake wachukizwa, nao wamtwaa binti yao kumrudisha kwao. Myombekere abaki peke yake katika nyumba isiyo na moto. Watu wamshauri aoe mke mwingine, naye akataa. Aondoka kwenda kwa wakwe kumwomba mkewe. Wakwe wamtoza pombe ya ndizi, mitungi kwa mitungi, iwe fidia ya matusi ya ndugu zake. Myombekere akubali, apika pombe hiyo kwa msaada wa rafiki na majirani, aipeleka, naye apewa mkewe. Halafu waenda kwa mganga mjuzi wa dawa za miti, na baada ya taabu nyingi Bugonoka apata mimba. Wazaa mtoto mume, Ntulanalwo, na baadaye mtoto mke, Bulihwali. Majina hayo mawili yabeba kumbukumbu ya kifo na huzuni, kama ilivyo desturi ya watu walioteseka kabla ya kupata mtoto. Sehemu ya pili yaeleza makuzi ya watoto hao, ndoa zao, na mambo yaliyowapata, mpaka wazazi wao wawe wazee na kufa.

Jina la kitabu

Twataka kwanza kusema juu ya jina. Wengine hulicheka kwa urefu wake. Katika tafsiri ya Kijerumani lilibadiliwa kabisa: sehemu ya kwanza iliitwa Watoto wa Waleta Mvua, na ya pili Muuaji wa Nyoka. Hatuna shaka majina hayo yavuta mnunuzi aliyeko mbali, mwenye kiu ya mambo ya ajabu ya Afrika. Lakini yamharibia Kitereza kazi yake. Kitabu hiki si cha mvua wala si cha nyoka, ingawa mambo ya namna hiyo yamo. Ni kitabu cha mume na mke, na watoto wao wawili.

Tena tutazame neno Bwana na neno Bibi. Kitereza aliishi katika siku ambazo bwana alikuwa bwana shauri, na bwana mkubwa wa boma, na bibi alikuwa mkewe. Mkulima wa kijijini aliitwa kwa jina lake tupu. Naye amemtwaa mkulima asiyejua kusoma, asiye na cheo, akamwita Bwana. Akamtwaa mkewe, mwanamke aliyetukanwa kwa utasa, akamwita Bibi, akamweka juu ya ganda la kitabu mbele ya watu wote. Na binti hakusahauliwa nyuma ya kaka yake. Kwetu sisi hilo ni jina lisilo refu hata kidogo.

Uzuri wa kitabu

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kwamba mtungaji hana haraka. Mtu akipiga hodi, twasikia salamu zote, na majibu yake yote, na habari za kule atokako. Pombe ikipikwa, twaonyeshwa ndizi zikiivishwa na kukamuliwa, na mitungi, na watu waliokuja kusaidia, na maneno waliyosema wakifanya kazi. Mtoto akiugua, twajua ni maradhi gani na ni mzizi gani uliochimbwa. Katika vitabu vingi kazi za mikono hutajwa kwa neno moja tu, kana kwamba chakula huota mezani. Hapa jasho la watu laonekana.

Sifa ya pili ni kwamba hawafanyi wazee wetu kuwa malaika. Wako watu wawili wenye kuandika habari za kale kwa uongo. Wa kwanza husema yote yalikuwa giza na ushenzi. Wa pili husema yote yalikuwa amani na upendo, mpaka wageni walipokuja kuyaharibu. Kitereza si wa kwanza wala si wa pili. Katika kisiwa chake kuna ukarimu mwingi, na kuna ulimi mbaya pia. Kuna majirani wanaosaidiana usiku wa manane, na kuna wivu, ulevi, na hofu ya uchawi inayotenga ndugu. Nani amvunjia Bugonoka ndoa yake? Si adui wa mbali. Ni watu wa nyumba ile ile, wanaokula chungu kimoja na mumewe.

Sifa ya tatu, na kwetu ndiyo kubwa, ni Myombekere mwenyewe. Hadithi nyingi husifu mwanamume aliyeua simba au aliyeshinda vita. Ushujaa wa huyu ni wa namna nyingine. Yeye ajinyenyekesha mbele ya wakwe. Atwaa juu yake makosa ya ndugu zake, alipa fidia ya maneno asiyoyasema yeye. Hawatukani ndugu zake wala hawafuati. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Elkana, aliyempenda Hana ingawa alikuwa tasa, na Penina akimchokoza kila mwaka. Lakini Maandiko yatupa habari za Elkana kwa maneno machache tu. Kitereza atuonyesha mume wa namna ile siku kwa siku, akila peke yake, akichota maji mwenyewe, akichekwa njiani.

Jambo hili tumelijaribu kwa kulisoma mbele ya watu. Mwaka uliopita, baada ya sala za jioni, tulikisomea kijiji chetu sehemu ya kwanza barazani pa shule, jioni baada ya jioni. Sisi si Wakerewe. Tumezaliwa mbali na Ziwa, na wengi wa wasikilizaji hawajaliona. Tuliogopa watachoka. Wanaume walicheka sana katika mambo ya pombe, wakabishana juu ya namna bora ya kuivisha ndizi. Lakini tulipofika mahali Myombekere aendapo kwa wakwe, bibi mmoja mzee alitukatiza, akauliza, "Mwalimu, alikwenda mwenyewe? Hakutuma mshenga?" Tukamjibu, "Alikwenda mwenyewe, bibi." Akasema, "Haya, soma." Ikawa kimya.

Katika waliokuwapo alikuwako mtu mmoja ambaye mkewe amerudi kwao kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa mtoto, na ndugu zake walikuwa wameketi kando yake. Sisi na wazee wa kanisa tulijua habari ile zamani, tukanyamaza, tukisema ni shauri la ukoo. Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba kitabu kilimrudisha mwanamke yule. Mpaka tunapoandika haya hajarudi. Lakini tangu jioni ile hatujawasikia tena ndugu zake wakimtaja kwa jina la dhihaka walilompa. Na sisi tuliona haya, kwa kuwa maneno yaliyotupasa kuyasema zamani yamesemwa na mzee wa Ukerewe aliyekufa mwaka wa 1981.

Upungufu wa kitabu

Sasa tuseme na upungufu, maana mtungaji mkubwa hastahili kudanganywa.

Kwanza, kitabu kina kazi mbili, na kazi hizo mara nyingine hugombana. Kazi moja ni kusimulia. Kazi ya pili ni kuhifadhi desturi. Mara hadithi imeshika mwendo, msomaji ana shauku ya kujua kama wakwe watakubali, ndipo mtungaji asimama kutueleza desturi fulani kwa utaratibu, kama mwalimu darasani. Kwa mtu anayetaka kujua mambo ya Wakerewe, hiyo ni faida. Kwa mtu anayefuata hadithi, ni kama kusimamishwa kwenye kivuko. Sisi twaona mambo bora ya kitabu ni pale kazi hizo mbili zinapofanyika kwa pamoja, kama katika kupika pombe ya fidia: pale desturi yenyewe ndiyo hadithi, maana kila mtungi unaojaa unamkaribisha Bugonoka nyumbani.

Pili, sehemu ya pili haina nguvu sawa na ya kwanza. Ntulanalwo na Bulihwali wapata mambo mengi, lakini hawana shida moja kubwa inayowashika tangu mwanzo hata mwisho, kama waliyokuwa nayo wazazi wao. Twasoma mambo yao kama mtu anayesikiliza habari za jirani: yapendeza, lakini hayatunyimi usingizi.

Tatu, Kiswahili chake si cha pwani. Sentensi nyingi zina mwendo wa Kikerewe ndani yake, na msomaji wa Tanga au Unguja atakwama hapa na pale. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909 na kufa mwaka wa 1962, aliandika Kiswahili kama mtu aliyekizaliwa. Kitereza alikiandika kama mtu anayehamisha mzigo kutoka mtumbwi wake kuutia katika jahazi la mwingine. Vitu vichache huanguka majini. Lakini tusisahau sababu iliyomlazimisha: lugha yake haikupata mwenye kuipigia chapa. Mtu asilaumiwe kwa kuingia jahazini wakati mtumbwi wake umekataliwa bandarini.

Nne, dunia ya kitabu ina utulivu kupita kadiri. Wanahistoria watuambia kwamba katika karne ya 19 watu wa Ukerewe walikuwa na biashara ya mbali ya pembe za ndovu, na kwamba biashara hiyo ilileta mageuzi, mashindano ya utawala na maradhi mageni. Mambo hayo hayana nafasi kubwa katika hadithi hii. Kitereza amechagua kuketi ndani ya boma la nyumba moja na kufunga mlango. Ana haki ya kuchagua. Lakini msomaji asidhani kwamba nje ya mlango ule hapakuwa na upepo.

Je, Mkristo akisome?

Wako watu wema watakaouliza: Kitabu chenye waganga, pombe na matambiko chafaaje kusomwa na Wakristo? Swali hilo si la kudharauliwa, na sisi tumeulizwa barazani. Jibu letu ni hili. Aliyekiandika alikuwa Mkristo mwenye elimu ya dini, aliyewafundisha wengine. Hakuandika ili tuyarudie matambiko. Aliandika ili tujue wazee wetu walikuwa watu wa namna gani. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikusema tuwaheshimu wale waliobatizwa tu. Na mtu atamheshimuje babu yake ikiwa hajui alilala wapi, alikula nini, aliogopa nini, na alimbembeleza mkewe kwa maneno gani? Tena, mambo mawili yatiayo nguvu hadithi hii yote, uaminifu wa mume kwa mke mmoja wakati wa shida, na kuomba radhi kwa matendo badala ya maneno matupu, ni mambo tunayoyahubiri kila Jumapili na kuyaona kwa nadra.

Kuna jambo tumelifikiri mara nyingi. Myombekere na Bugonoka walipata watoto mwisho wa taabu zao, watoto wakakua, wakawazika wazazi. Kitereza na Anna hawakubakiwa na mtoto. Hatusemi kwamba hadithi ni habari zake mwenyewe chini ya jina jingine. Lakini ni dhahiri kwamba aliyaandika yale machozi ya utasa kama mtu aliyeyajua, na kwamba alimpa Myombekere furaha ambayo yeye alinyimwa. Hakuna mahali katika kitabu alipowaonea wivu watu wake wa hadithi kwa kupata kile ambacho yeye hakupata.

Neno letu la mwisho

Tuliahidi kukiri. Palikuwa na mzee mmoja katika kijiji chetu, mjuzi wa miti na wa mipaka ya koo. Alituambia, "Mwalimu, njoo na daftari lako, nikupe maneno haya, maana watoto wangu hawayataki." Tulimjibu kwamba tutakuja wakati wa likizo. Likizo ikaja, tukaenda mjini kununua mabati. Likizo ya pili tulikuta kaburi lake limekwisha kuota majani. Tulikuwa na daftari, tulikuwa na kalamu, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka shuleni.

Kwa hiyo tukiwaambia wasomaji wafuate mfano wa Kitereza, twajiambia sisi kwanza. Hatusemi kila mtu aandike hadithi ndefu; kipawa hicho ni cha wachache. Lakini kila mtu aliyesoma ana mzee karibu naye. Andika jina la msimulizi na mwaka. Andika kwa lugha aliyosema yeye, neno kwa neno, kisha ukiweza fasiri kwa Kiswahili pembeni. Usiseme ngoja mpaka apatikane wa kupiga chapa. Kitereza hakungojea, kama angalingojea, pangalikuwa na miaka 35 ya kungojea na hakuna kitabu mwisho wake.

Barazani pa shule yetu tumebakiza sehemu ya pili. Tutaianza mavuno yakiisha, na yule bibi mzee ametuomba tumwekee mahali karibu na taa.